Nani alianza? Jina la mwenye kazi na safari yake hadi mpakani

Mfanyabiashara anayevusha maharage au mahindi kupitia Namanga, Mutukula au Rusumo anaijua vizuri bahasha yake ya karatasi. Kuna ankara, kuna hati za forodha, kuna cheti cha uasili wa bidhaa, na kuna cheti cha usafi wa mimea. Katika hicho cha mwisho ipo nafasi ya kuandika jina la kitaalamu la mmea. Wengi wetu huipita haraka. Ofisa ameshajaza, mhuri umeshagongwa, lori linasubiri na dereva anapiga simu.

Lakini simama hapo kidogo. Mahindi kwa jina la kitaalamu ni Zea mays L. Maharage ni Phaseolus vulgaris L., mpunga ni Oryza sativa L. na karanga ni Arachis hypogaea L. Kwenye vyeti herufi hiyo ya mwisho mara nyingi huachwa, ila kwenye vitabu vya kilimo utaikuta kila mahali. Hiyo L si kipimo wala daraja la ubora. Ni jina la mtu.

Mtu huyo ni Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliyechapisha mwaka 1753 kitabu kiitwacho Species Plantarum. Humo aliipa kila mimea jina la maneno mawili, na mpaka leo wataalamu wa mimea wana desturi ya kumtaja aliyeandika jina hilo kwanza. Yeye kwa sababu ya umaarufu wake alipewa herufi moja tu. Wengine hufupishwa kidogo.

Tazama mtama: Sorghum bicolor (L.) Moench. Maana yake ni kwamba Linnaeus ndiye aliyeuandika kwanza, akauweka katika kundi jingine, kisha akaja Mjerumani Conrad Moench akauhamishia kundi la Sorghum. Wa kwanza anabaki ndani ya mabano, aliyesahihisha anakaa nje. Ulezi nao ni Eleusine coracana (L.) Gaertn., kwa utaratibu huohuo. Ni kama ankara inayoonyesha muuzaji wa kwanza na aliyepokea kwake: hakuna anayefutwa kwa sababu mwingine amekuja baadaye.

Utaratibu mzuri. Ila una pengo moja ambalo mtu wa mpakani hawezi kukosa kuliona. Mtama na ulezi ni nafaka zilizofugwa na kuchaguliwa na wakulima wa Afrika, mbegu kwa mbegu, kwa maelfu ya miaka. Hao hawamo ndani ya mabano wala nje yake. Fani ya mimea humtaja aliyeandika, si aliyelima.

Kila fani na mizani yake

Ukitoka shambani ukaingia maabara, mizani inabadilika. Katika tiba na sayansi nyingi za maabara, makala moja inaweza kuwa na waandishi kumi. Anayetajwa wa kwanza huhesabiwa kuwa ndiye aliyebeba kazi kubwa, na wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa maabara. Katika hisabati, na mara nyingi katika uchumi, majina hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kuwa wa kwanza hakumaanishi chochote. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumheshimu asiyestahili na kumpita anayestahili.

Wanahistoria hutaja kazi za wenzao chini ya ukurasa. Madaktari na wahandisi huweka namba ndani ya maandishi, na msomaji anakwenda kutafuta namba hiyo nyuma. Mahakamani, katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kesi hutajwa kwa majina ya waliogombana, ingawa fikra iliyobaki kuwa mwongozo ni ya jaji.

Na ipo heshima kubwa kuliko zote: jina la mtu kuwa jina la kitu chenyewe. Hapo ndipo tunapokutana na jirani yetu, Erasto Mpemba wa Tanzania.

Aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kusubiri yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi waligombea. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake ikiwa bado ya moto. Baadaye alipokwenda kutazama, yake ilikuwa imeganda, na ya mwenzake aliyeiweka ikiwa baridi ilikuwa bado uji mzito.

Akauliza kwa nini. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Darasani swali lake likageuzwa kuwa mzaha.

Hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, shule ilitembelewa na Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Mpemba akauliza tena: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na matokeo yakaunga mkono swali la kijana.

Mwaka 1969 makala ilichapishwa katika jarida la Physics Education. Majina yalikuwa mawili, Mpemba na Osborne, na sehemu ya kwanza ni Mpemba mwenyewe akisimulia yaliyomkuta. Tangu hapo wanafizikia duniani husema "athari ya Mpemba". Wanabishana bado kama hutokea kila mara na kwa sababu gani, lakini hata anayepinga analazimika kumtaja.

Sasa sikiliza kipande ambacho hutajwa mara chache, na ambacho ni chetu sisi wa biashara. Katika maelezo yake Mpemba anasema alikutana na rafiki mjini Tanga aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki huyo alimweleza kwamba yeye huiweka ikiwa ya moto ili igande upesi. Mpemba akagundua kwamba hata wauzaji wengine wa aiskrimu Tanga walikuwa na desturi hiyo.

Kwa hiyo wachuuzi walijua. Walijua kwa mikono, kwa hasara na faida, kwa sababu mteja wa saa nane mchana hasubiri. Hawakuandika, na majina yao hayajulikani. Kama Mpemba asingewataja, tusingejua hata kwamba walikuwepo.

Wanafalsafa wa kale nao waliwahi kulisema jambo hili. Aristotle wa Ugiriki aliandika kuhusu maji ya moto kupoa haraka. Lakini jina lililoshika ni la aliyeuliza kwa wakati ambao mtu alikuwa tayari kupima.

Jina si lazima liwe la wa kwanza

Nchini Uganda kuna mfano mwingine. Saratani ya taya inayowapata watoto huitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala na kuandika kuihusu mwaka 1958. Hata hivyo, miongo kadhaa kabla yake, Albert Cook, daktari wa misheni wa Mengo, alikuwa ameshaandika kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa namna hiyo. Cook aliona, Burkitt akafuatilia, akapima ueneaji wake, akachapisha.

Wachumi nao wana lao. Hoja kwamba kila nchi inafaidika ikiuza kile inachokitengeneza kwa nafuu zaidi kulinganisha na vingine, na kununua kilichobaki kwa jirani, hutajwa kwa jina la David Ricardo. Aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1817 kwa mfano wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Robert Torrens alikuwa amegusa hoja hiyo miaka miwili kabla yake. Na mama anayepeleka mchele upande mmja wa mpaka akarudi na ndizi hahitaji kumsoma yeyote kati yao.

Mmarekani Stephen Stigler, mtaalamu wa takwimu, aliandika mwaka 1980 kwamba ugunduzi wa kisayansi hauitwi kwa jina la mgunduzi wake wa kwanza. Kanuni hiyo sasa huitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe alisema ameitoa kwa Robert Merton.

Desturi zetu wenyewe

Tusidhani kutaja mwenye kazi ni jambo la kuletewa. Washairi wa tenzi za Kiswahili walikuwa na desturi ya kujitaja karibu na mwisho wa utenzi, pamoja na mwaka, ili atakayenakili asijifanye mwenyewe. Katika elimu ya Hadithi za Mtume, msemo haupokelewi bila mlolongo wa waliousimulia, mmoja kutoka kwa mwingine, na kila jina hupimwa uaminifu wake. Mtu wa sokoni anaelewa hilo haraka. Habari ya bei inategemea aliyeileta.

Lakini biashara imekuwa na mizani tofauti. Chukua kanga. Kwa miaka mingi kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak zimevuka mipaka zikiwa na maneno "Mali ya Abdulla". Hilo ni jina la nyumba ya biashara, na kuliweka ni haki yake. Lakini yule aliyetunga msemo, ule unaomfanya mama achague doti hii na kuiacha ile, hatajwi. Kwenye kanga hutajwa mwenye mali.

Picha za Tingatinga ni kinyume chake. Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1972. Jina lake likawa jina la mtindo mzima. Leo picha za namna hiyo zinauzwa katika maduka ya watalii ya nchi kadhaa za ukanda huu, na mnunuzi husema amenunua "tingatinga". Yeye amekuwa maarufu, na mchoraji aliyekaa siku tatu juu ya turubai hiyo anapotea ndani ya jina la mwingine. Ukigeuza picha au ukitazama kona ya chini, mara nyingi utaona saini. Ni nani anayeihamishia kwenye risiti?

Linatuhusu nini?

Linatuhusu mfukoni. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata baada ya kuuza haki ya kuitumia. Chini ya mkataba huo mchoro, maandishi au muziki unalindwa tangu unapotungwa, bila sharti la usajili. Wazo tupu halilindwi, na ujanja wa kazi, kama ule wa wauza aiskrimu wa Tanga, haulindwi kwa njia hiyo. Alama ya biashara ni jambo jingine kabisa: hiyo husajiliwa, BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda. Na usajili wa nchi moja hauvuki mpaka wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kama unauza picha, vikapu, vinyago au batiki, andika jina la fundi na mahali alipo kwenye ankara na kwenye kibandiko. Kama wewe ndiye uliyebuni nakshi au msemo, weka mchoro wako wa kwanza wenye tarehe, na ujumbe uliomtumia mchapaji. Siku ya ugomvi, kumbukumbu ya tarehe ndiyo shahidi. Na ukijifunza mbinu kwa mwenzako wa upande wa pili, mtaje unapoifundisha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imetuzoesha jambo hili tayari. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mfanyabiashara mdogo hupewa cheti rahisi cha uasili, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya hupita bila ushuru wa forodha. Bila cheti, bidhaa ileile inaweza kutozwa kama ya kigeni. Tumekubali kwamba mahali bidhaa ilipotoka pana thamani inayohesabika kwa fedha.

Cheti hicho hutaja nchi ilikozalishwa bidhaa. Jina la aliyefuma kikapu au kuchora picha halina nafasi yake humo. Nafasi hiyo ipo kwenye ankara yako, na kalamu unayo mkononi.