Je, Wajua? Wingu lenye bitana ya fedha

Waingereza wakimfariji aliyefikwa na dhiki humwambia kwamba kila wingu lina bitana ya fedha. Picha hiyo ilitoka jukwaani. Tarehe 29 Septemba 1634, katika ngome ya Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, uliigizwa mchezo wa John Milton unaojulikana leo kama Comus. Ndani yake msichana aliyepotezana na kaka zake usiku msituni anaona wingu jeusi likifunua bitana yake inayong'aa, naye anapata moyo. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Alice Egerton, mwenye miaka 15. Nafasi za kaka zake zilichezwa na wadogo zake wa kuzaliwa. Kama methali, maneno hayo yalishika karne ya 19.

Na wingu halisi hufanya hivyo kweli. Ukingo wake ni mwembamba, kwa hiyo mwanga wa jua au mwezi ulio nyuma hupenya pale, huku katikati penye unene pakibaki peusi.

Msemo mwenzake haukubahatika. Kwamba giza ni nene zaidi kabla ya mapambazuko, Thomas Fuller alilichapisha hilo mwaka 1650, na wanafunzi wa Kiingereza bado wanalikariri. Hata hivyo, usiku usio na mwezi giza hukolea katikati, jua likiwa chini kabisa ya upeo. Linapokaribia kuchomoza, anga imeshaanza kupauka. Wavuvi wa dagaa, wanaokesha majini, hawahitaji kuambiwa.