Jua Lisiloonekana Pichani

Jua linaloharibu picha mara nyingi halimo kwenye picha hiyo. Limekaa nje kidogo ya fremu, juu ya kichwa cha bibi harusi au kando ya paa, na miale yake inakipiga kioo cha mbele cha lenzi kwa mshazari. Miale hiyo haichori sura ya mtu yeyote, lakini ikishaingia haitoki kirahisi. Lenzi nyingi za kisasa zina vioo kumi na zaidi ndani yake, na kila uso wa kioo kitupu unaokutana na hewa huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga. Basi mwanga unarukaruka kati ya kioo na kioo, unagonga kuta za ndani, na mwishowe unatandaza ukungu wa kijivu juu ya kihisi chote cha kamera.

Hasara yake inahesabika. Tuseme shela ya bibi harusi inang'aa mara 100 kuliko koti jeusi la bwana harusi: koti 1, shela 100. Ukungu ukiongeza vipimo 2 tu kila mahali, koti linakuwa 3 na shela 102. Uwiano wa 100 kwa 1 umeporomoka hadi 34 kwa 1. Shela haikudhurika, lililoumia ni koti. Programu ya kuhariri picha inaweza kuviondoa vile vipimo 2, ila mwanga huo ulikuja na chenga zake, na chenga hubaki kwenye weusi.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Dennis Taylor aliona kwamba lenzi kuukuu zilizochujuka uso zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mwaka 1935 Olexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss akapata hataza ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza mwakisiko, na leo mipako ya tabaka nyingi huushusha hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Hudi, ile plastiki nyeusi inayofungwa mbele ya lenzi, hufuata njia nyepesi zaidi: mwanga usiohitajika usifike kwenye kioo hata kidogo. (Wanaoifunga kinyumenyume, kama ilivyokaa kwenye begi, wamebeba mzigo tu.)

Kwa nini hudi nyingine ni za duara na nyingine zimekatwa mfano wa petali? Siyo urembo. Hudi haitakiwi kuingia pichani, na picha ina pembe nne wakati lenzi ni duara. Chukua lenzi ya milimita 24 kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Kila sentimita moja kwenda mbele, eneo linaloonekana hupanuka nusu sentimita upande wa juu na wa chini, robo tatu ya sentimita kulia na kushoto, na karibu 0.9 kwenye kona. Ikiwa mdomo wa hudi umezidi kioo kwa sentimita 2 kila upande, basi juu na chini inaruhusiwa kurefuka sentimita 4, ubavuni 2.7, kwenye kona 2.2 tu. Ukizichora namba hizo, petali zinajitokeza zenyewe. Kwa lenzi ya milimita 200, hata kona zingeruhusu sentimita 18, ndiyo maana duara linatosha.

Sasa tuzipime kazini. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Saa mbili kabla ya magharibi liko nyuzi 30 hivi juu ya upeo. Ukiielekeza kamera upande huo, hudi yetu ya milimita 24 inatia kivuli milimita 3 tu za juu ya kioo. Tatu! Hudi ya lenzi ndefu, tuseme bomba la sentimita 10 mbele ya kioo cha sentimita 7, inafunika sentimita 5.8, saa moja baadaye imebaki 2.7. Jua la adhuhuri linaloogopwa na wengi halina shida hiyo, kwani liko utosini, na mdomo mfupi tu unalizuia kamera ikiwa imelala sawa.

Kwa hiyo jioni hudi ya lenzi pana naihesabu kuwa kinga ya kugongwa, na si zaidi ya hapo. Lenzi za kuvuta ni kesi ngumu: hudi lazima ifuate upana wa mwisho, hivyo ukivuta inakuwa fupi mno. Canon waliikwepa kwa ustadi mwaka 2002 kwenye 24-70 f/2.8L. Lenzi hiyo hutokeza inapopanuka na kurudi ndani inapovuta, na hudi imefungwa kwenye ganda la nje lisilosogea. Ukifika milimita 70 kioo kimezama ndani kabisa ya hudi.

Jioni, kwa lenzi ndefu, msaidizi mwenye kofia ya pama anaishinda plastiki yoyote. Akiishika nusu mita mbele, juu kidogo ya fremu, kivuli chake kinafunika kioo chote hata jua likiwa nyuzi 15. Kujua kama imekaa sawa, usichungulie kwenye kamera. Simama mbele yake utazame kioo: penye doa la jua bado panavuja.