Nani Atamwambia Simba Kwamba Tutarudi?

Kitendawili!

"Tega!"

Kila mara namwambia nitarudi, naye haelewi hata neno moja. Ni nani huyo?

Redio? La. Mlango? La. Mmeshindwa, wajukuu wangu, basi nipeni mji. Mombasa? Haya, mmenipa mji mkubwa. Nimekwenda Mombasa, nimekula samaki wa kupaka, nimezunguka Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, nimelowesha miguu baharini, nimerudi zangu Kiirua. Jibu ni mbwa.

Na Mombasa hiyo tulikwenda kweli. Kutoka hapa Kiirua ni zaidi ya kilomita 700. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba. Marehemu babu yenu alikodi matatu ya viti 14, tukajaa ndani na vikapu vyetu, boma tukamwachia kijana tuliyemwita jioni ya mwisho. Nikamwonyesha ndoo, nikamwonyesha ng'ombe, nikampa ufunguo. Nikadhani nimemaliza.

Tuliporudi baada ya siku kumi, mbwa wetu Simba alikuwa mbavu nje. Siku tatu za kwanza alilala langoni bila kugusa ugali wake. Karembo, ng'ombe aliyezoea kunijazia ndoo asubuhi, alimpa yule kijana kikombe kimoja na mateke mawili. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu: tulijiandaa sisi tunaokwenda, tukawasahau wanaobaki.

Wenzetu wengine hawana shida hiyo, kwa sababu nyumba yao huondoka nao. Huko kaskazini, ng'ambo ya Isiolo, Warendille na Wagabra wakitaka kuhama, akina mama huifungua nyumba, mikeka na fito zake wakazipakia juu ya ngamia, na mifugo ikatembea pamoja na wenyewe. Marekani nako kuna magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, na mbwa hukaa dirishani akitazama barabara. Sisi wakulima wa Kiirua hatuwezi kumpakia ng'ombe kwenye matatu. Mifugo yetu hubaki. Kwa hiyo safari yetu huanzia zizini, tena mapema.

Safari ya pili tulianza maandalizi mwezi mzima kabla. Kwanza tulimwita daktari wa mifugo. Simba akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo mbwa hupata akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Chanjo huhitaji majuma kadhaa kujenga kinga mwilini, ndiyo maana hatukungoja siku ya mwisho. Nanyi mkiumwa na mbwa wowote, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kuku nao walipata tone la chanjo ya kideri jichoni. Ugonjwa huo ukiingia bandani unaweza kulimaliza banda lote kabla hamjafika hata Mtito Andei.

Wiki moja kabla, nikamwomba mama jirani, wa ng'ambo ya ua wa kayaba, aje kila alfajiri. Siku ya kwanza alisimama tu kando yangu nikikamua. Siku ya pili aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu. Siku ya tatu akashika chuchu mbili, nami mbili. Karembo aligeuza shingo, akamnusa kiganja na mkono hadi kwenye kiwiko, akapumua kwa nguvu, halafu akarudi kwenye nyasi zake za nepia. Nikajua amekubali.

Mwajua kwa nini anachagua mikono? Ng'ombe akitulia, ubongo wake hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo ndiyo hushusha maziwa kwenye chuchu. Akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na maziwa hubaki juu. Hana ukaidi, ana hofu. Na maziwa yakibaki kiweleni siku baada ya siku, hukaribisha ugonjwa wa kiwele.

Simba naye alianza kulishwa na mama jirani, bakuli lile lile, saa ile ile. Tulimwachia pia shuka langu kuukuu, kwani mbwa humkumbuka mtu kwa pua. Paka hakutupa kazi kubwa. Mbwa wetu hushikamana na watu, paka wetu hushikamana na mahali, kwa hiyo ukimwachia maji, chakula na upenyo wa kuingilia stoo, ataendelea na panya wake kama kawaida.

Nyumba ilichukua siku moja tu. Mtungi wa gesi tuliufunga, majivu tukayamwagia maji, tangi la maji tukalijaza, maana ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 kwa siku, na zaidi kukiwa na jua kali. Viazi tulivifunika kwa magunia gizani. Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, na uchungu huo ni dalili ya sumu iitwayo solanini, kwa hiyo msile kiazi kama hicho. Mzee wa Nyumba Kumi tulimwambia siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Vijana wa sokoni hatukuwaambia chochote.

Gari nalo lilikaguliwa: tairi, taa, na breki hasa, kwa sababu njia ya Embu hupita Daraja la Nithi, penye mteremko mkali na kona. Kila mtu akafunga mkanda. Alfajiri, tulipovuka ikweta kusini kidogo mwa mji wa Meru, watoto walikuwa wakiimba, nami kwa mara ya kwanza sikuwa nikigeuka nyuma kila dakika kuuliza kama nilifunga banda.

Siku kumi zikapita. Tulipokaribia nyumbani, Simba aliisikia matatu kabla hatujafika kwenye kona. Akatoka mbio, akaturukia mmoja mmoja, akanilamba hadi masikioni. Alikuwa amenona.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alituacha pale na mizigo yetu, akarudi taratibu uani, akajilaza miguuni pa mama jirani aliyekuwa anakamua. Karembo anacheua, povu limeijaza ndoo, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Niliona wivu kidogo, sitawaficha. Lakini nikasimama pale langoni na kikapu changu kichwani, nikacheka peke yangu. Neno "nitarudi" hawakulielewa hata safari hiyo. Wala hawakulihitaji.

Haya, sasa ni zamu yenu. Kitendawili!