Jiko Lililotokana na Mkutano

Ndugu Mkulima, labda wewe husema kwamba mikutano mikubwa ni maneno matupu, wala haimhusu mwenye ekari chache huko Embu au Meru. Yafaa ufikiri tena, maana huenda jiko unalopikia lilianzia mkutanoni.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Nairobi juu ya nguvu zisizokwisha, kama za jua na upepo. Kuni na makaa pia vilizungumzwa. Majiko ya makaa ya wakati ule yalikuwa bati tupu, na joto jingi lilipotea ubavuni badala ya kuingia sufuriani. Ndipo mafundi wa Kenya wakalitazama jiko la Thailand, mfano wa ndoo yenye udongo wa kuchomwa ndani yake.

Lakini hawakuliiga hivihivi. Sisi husonga ugali kwa nguvu, na jiko la umbo la ndoo huyumba. Basi wakalifanya pana juu na chini, jembamba kiunoni, likasimama imara. Udongo wakauweka sehemu ya juu tu, penye moto. Jiko hilo hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi, na mafundi wa jua kali hulitengeneza kwa bati na nyundo.

Tena, katika miaka ya 1980, Maendeleo ya Wanawake walisaidia kueneza jiko la kuni lenye udongo wa kuchomwa, ambalo hujengewa kwa matope jikoni. Hili lawafaa ninyi, kwa kuwa githeri hukaa motoni saa nyingi. Jiko likila kuni chache, matawi ya mibuni mliyopogoa yatatosha siku nyingi zaidi, na mama atapumzika mizigo.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, anza na shida yenyewe. Pili, tazama wengine waliitatuaje. Tatu, geuza dawa yao ifae kwako, ukimsikiliza anayekitumia chombo kila siku.

Basi katika baraza lijalo la skimu yenu, kila mtu alete shida moja ndogo: ghala linaloingiza panya, au maji yanayomwagika njiani. Mwiteni fundi, na akina mama wakae mbele, maana wao ndio wapishi. Penye wengi hapaharibiki neno.