Kitufe Kinavyogeuka Kuwa Herufi: Kuunganisha Bodi ya Kibodi ya Kompyuta za Zamani



Kijana anayejifunza elektroniki katika chuo cha ufundi akifungua kompyuta ya siku hizi haoni mengi. Karibu kila kitu kimefichwa ndani ya chipu chache zilizobanana. Kompyuta za miaka ya 1970 hazikuwa hivyo. Kila kazi ilikuwa na mahali pake panapoonekana kwa macho na kupimika kwa mita. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza bodi moja tu ya kompyuta hizo, ile inayokaa kati ya kibodi na kompyuta yenyewe.

Tuchukue mfano wa Apple-1, iliyotoka Marekani mwaka 1976, kazi ya Steve Wozniak na Steve Jobs. Bei yake ilikuwa dola 666.66, na kwa fedha hiyo mnunuzi alipata bodi tu. Transfoma, televisheni na kibodi alijitafutia mwenyewe. Tena kibodi ilipaswa kupeleka kila herufi kwa mkupuo, kupitia nyaya saba, katika msimbo uitwao ASCII. Katika msimbo huo A kubwa ni 65, yaani 1000001 kwa hesabu ya sifuri na moja, na a ndogo ni 97. Tofauti yake ni 32, yaani waya mmoja tu. Sisi tuandikao Kiswahili tumebahatika hapa: herufi zetu zote zimo, hata ng' pamoja na kialama chake. Ndugu zetu Wakikuyu, wenye ĩ na ũ, hawakupata nafasi humo.

Sasa, kitufe kinajuaje kwamba kinaitwa 65? Hakijui. Kitufe ni swichi tu, kama ya taa. Anayejua ni chipu iliyo kwenye bodi tunayoizungumzia. Mojawapo iliyotumika sana ni AY-5-2376 ya kampuni ya General Instrument, yenye miguu 40. Inahudumia vitufe 88, lakini haihitaji nyaya 88. Vitufe vimepangwa kama wavu: mistari 8 inakatana na mistari 11, na kila makutano yana kitufe kimoja. Nyaya 19 zinatosha. Chipu inapita makutano hayo moja baada ya jingine, mara mamia kwa sekunde, kama mlinzi anayejaribu kila mlango usiku. Ikikuta kitufe kimebonyezwa husimama hapo, husoma katika kumbukumbu yake, kisha hutoa msimbo.

Hata jina la chipu hiyo lina maana. Kila kitufe kina hali tatu: peke yake, pamoja na Shift, na pamoja na Control. Kila hali ina biti 9. Zidisha 88 kwa 3, kisha kwa 9, utapata 2376.

Kuna jambo moja la ziada. Vipande viwili vya chuma vikigusana hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Bila subira, kubonyeza A mara moja kungeweza kuleta AAA. Kwa hiyo kapasita moja nje ya chipu huiagiza isubiri kidogo, ndipo itoe ishara ya kuiambia kompyuta, "herufi iko tayari, chukua."

Kuunganisha kwenyewe si kugumu kwa anayeweza kulehemu. Anza na vitu vifupi: rezista na dayodi, halafu soketi ya chipu, kisha kapasita na viunganishi vya nyaya. Chipu isilehemiwe kwenye bodi. Inakaa kwenye soketi, na soketi ibaki tupu mpaka mwisho.

Hatari kubwa iko kwenye umeme. Chipu hii inataka volti 5 chanya na volti 12 hasi. Fundi aliyezoea redio huweka mguu wa chanya wa kapasita upande wa volti bila kufikiri. Kwenye njia ya volti 12 hasi ni kinyume: mguu wa chanya unakwenda kwenye ardhi ya saketi. Ukikosea, kapasita inaweza kupasuka. Washa umeme soketi ikiwa tupu, weka waya mweusi wa mita kwenye ardhi, upime kila njia. Ukiridhika, zima, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo uchomeke chipu huku alama yake ikielekea upande sahihi.

Walimu wa ufundi nawasihi wasipuuze hili: waya wa kulehemu wa kawaida una risasi, nayo ni sumu. Madirisha yawe wazi, chakula kisiingie karakana, na kila mwanafunzi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuhusu gharama niseme wazi. Chipu hizi hazitengenezwi tena, na sokoni zimo za bandia zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya. Fedha ya sadaka isitumike kuzifukuzia. Chipu ndogo ya kupangiwa programu, kama ATmega328P, hufanya kazi ileile kwa volti 5 peke yake, na wavu wa vitufe haubadiliki. Somo halipungui. Pengine linaongezeka, kwa kuwa mwanafunzi anaandika mwenyewe ule upitaji wa mlinzi.

Mwisho ni kujaribu. Shikilia A na upime nyaya saba: wa kwanza na wa mwisho ziwe na volti, tano za kati zisiwe nazo. Kitufe kimoja kikinyamaza, swichi yake ni chafu au imekatika. Mstari mzima ukinyamaza, acha vitufe, tafuta kiungo kibovu cha waya wa mstari huo. Na kama kila herufi inatoka kinyume, penye moja pana sifuri, bodi haijaharibika. Chipu ina mguu wa kuchagua mwelekeo wa ishara, nao umeunganishwa upande usio wake.