Nyuki wa Galbet wanataka maji kwanza

Ukitaka kuwaona nyuki wa Galbet, hapa mjini Garissa, mwezi wa Februari, usihangaike kwenye maua. Nenda penye bomba linalovuja, kwenye mfereji wa maji ya udhu pembeni mwa msikiti, au pale mkokoteni wa punda unapopakua mitungi. Migunga mingi haina maua wakati huo, jua linapandisha joto hadi nyuzi 37 na zaidi, na nyuki wamejazana ukingoni mwa tope wakinyonya. Wengi wetu hudhani wamekuja kuuma, na mafuta ya taa huitishwa upesi. Kumbe wanahangaikia watoto wao.

Ndani ya mzinga, sehemu yenye majana inapaswa kubaki kwenye nyuzi 34 hadi 35. Joto likizidi hapo kwa muda, majana hufa au hukua na kasoro. Mchota maji hurudi na shehena yake katika kile kifuko cha tumboni anachobebea mbochi, akawagawia wenzake mdomo kwa mdomo, nao wakayatandaza matone kwa matone juu ya masega. Wengine husimama wakipiga mabawa ili hewa ipite, maji yageuke mvuke na nyumba ipoe. Kazi hii haikomi mchana kutwa. Nyuki wa Afrika akikosa maji au malisho habembelezi: kundi zima huyaacha masega likahama.

Kwa hiyo bustani ya nyuki katika Kaunti ya Garissa huanza na karai kabla ya mbegu yoyote. Lijaze changarawe, mimina maji huku ukiacha mawe yachomoze juu, kisha liweke kivulini, chini ya mwarobaini kwa mfano, mbali na mlango na mahali watoto wanapochezea. Nyuki asiye na pa kukanyaga huzama. Badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, mbu wasizalie humo, wala usiliache likauke, kwa sababu nyuki hukariri mahali, na karai likiwa tupu watahamia kwenye bomba lako.

Kisha tuzungumzie nyasi. Ofisi, hoteli na nyumba za wenye uwezo zimeanza kuzungukwa na ukoka uliokatwa vizuri, na macho hufurahi. Lakini Garissa hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kijani hicho kinaishi kwa maji ya bomba au ya kununua. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ukipewa milimita 5 kwa siku unakunywa lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Na ukoka huchavushwa na upepo. Hauna mbochi, na nyuki hapati kitu hapo. Mimi nauona kuwa ni upotevu mkubwa katika mji ambao maji hubebwa na punda.

Sehemu ndogo tu ya maji hayo inatosha kulisha nyuki mwaka mzima. Maji ya udhu hayana sabuni. Yaelekeze kwenye mashimo ya miti. Panda mzunze, ambao ukipata maji hutoa maua karibu miezi yote, hata katika jilaal, kiangazi ambacho pori halina cha kutoa. Panda mrehani, na ukichuma majani yake uache vikonyo vichanue. Panda mhina: kina mama watapata majani yao, na matawi utakayoyaacha bila kuyakata yatatoa maua meupe yenye harufu inayovuta nyuki kutoka mbali. Mkunazi nao una vijiua vya kijani-manjano ambavyo mtu hupita bila kuviona, lakini ndugu yake wa Hadhramaut ndiye anayetoa asali ya sidr, inayouzwa kwa bei kubwa katika nchi za Ghuba. Bogenvilia inapendeza ukutani, ila ile rangi yake ni ya majani. Ua lenyewe ni kijibomba chembamba kilichofichika katikati, na nyuki wengi hulipita tu. Mathenge usiupande hata kidogo. Una mbochi kweli, lakini sote tumeona ulivyovamia ardhi kandokando ya Mto Tana.

Zungushia miiba kila mche, maana mbuzi wa mtaa hawana mpaka. Mzinga usiuweke uani penye watoto na mifugo iliyofungwa.

Na usiisakafu ardhi yote. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi huishi mmoja mmoja, bila mzinga wala asali, zikichimba vishimo ardhini. Kipande cha udongo mkavu kisicholimwa, kilichoachwa kando ya ua, ni makazi tosha kwao.

Faida ya bustani hii inafika hadi shambani. Nyuki wa asali huruka kilomita 2 au 3 bila taabu, na mji wetu umekaa ukingoni mwa mto, jirani na mashamba ya tikiti. Ua jike la tikiti, lile lenye kijitunda chini yake, hufunguka asubuhi na kufunga alasiri, siku moja tu. Lazima nyuki walitembelee mara nane hivi au zaidi ili chavua itoshe. Likipata pungufu, tunda huanguka au hukua limepinda upande mmoja, na sokoni halipati bei.

Mvua za gu, yaani masika, huanza kati ya Machi na Aprili. Mwenye ukoka ang'oe hata robo yake na kuchimba mashimo kabla ya hapo. Na mkulima mwenye tikiti, kama lazima apulize dawa, asubiri jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi nyumbani.