Jina la Mwandishi Jaladani, Haki Studioni

Riwaya ya Star Trek haina mwenyewe mmoja. Jaladani limeandikwa jina la mtunzi, kwa herufi zinazosomeka hata kwa mbali. Kurasa chache ndani, kwa maandishi madogo, hatimiliki ni ya studio, na mchapishaji anatajwa kama mwenye leseni. Mtunzi ameifanya kazi kwa kandarasi: wahusika si wake, chombo si chake, na hata sayari aliyoibuni mwenyewe usiku wa manane ni mali ya aliyemwajiri.

Biashara hii ilianza mapema. Kituo cha televisheni cha NBC kilirusha kipindi cha kwanza cha tamthilia ya Star Trek Septemba 1966, na mwaka uliofuata kampuni ya Bantam ikatoa kitabu chembamba chenye hadithi saba zilizotokana na tamthilia hiyo. Aliyezisimulia ni James Blish, mwandishi aliyekwishatwaa Tuzo ya Hugo kwa riwaya yake mwenyewe. Blish alifanyia kazi miswada aliyopelekewa na studio, mingine ikiwa bado haijakamilika, ndiyo maana baadhi ya hadithi hazifanani na zilizoonekana kwenye televisheni. Kipindi kilichorushwa kwa jina la “Charlie X”, kwa mfano, kitabuni kinaitwa “Charlie's Law”.

Wasomaji hawakujali. Watu walikuwa hawajawa na mashine za video majumbani. Aliyekosa kipindi alisubiri kirudiwe, au alinunua kitabu. NBC iliifuta tamthilia mwaka 1969 baada ya vipindi 79, lakini Bantam haikusimama. Mwaka 1970 ilitoa Spock Must Die!, riwaya mpya ya Blish isiyotokana na kipindi chochote, na mikusanyo ya hadithi ikafika 12. Kwa mashabiki wa miaka ile, vitabu na marudio ndivyo vilivyoifanya Star Trek isisahaulike.

Mwaka 1979 mambo yalihamia Pocket Books, tawi la Simon & Schuster. Hapo hesabu ilikuwa tamu kwa wakubwa, kwa kuwa Simon & Schuster na studio ya Paramount zote zilikuwa mikononi mwa Gulf+Western. Ada ya leseni ilitoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Kitabu cha kwanza, kilichotokana na filamu ya mwaka huo, kilibeba jina la Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia. Baada yake zikaja riwaya kwa mamia.

Mtunzi hupeleka kwanza muhtasari. Mhariri akiridhika, muhtasari huenda studio kuombewa idhini. Muswada ukikamilika nao hupita njia hiyo hiyo. Kosa katika mlolongo huo lina gharama. Mwaka 1985 riwaya ya Killing Time, ya Della Van Hise, ilitoka ikiwa na maandishi ambayo studio ilikuwa imeagiza yarekebishwe. Nakala zikaitwa zirudi, kikachapwa kitabu kingine kilichosahihishwa, na zile za awali zilizoponyoka sasa zinatafutwa na wakusanyaji.

Hata hivyo watunzi hawa wameipa studio vitu ambavyo haikuwa navyo. Rubani Sulu hakuwa na jina la kwanza kwenye televisheni. Vonda McIntyre alimpa Hikaru katika The Entropy Effect, mwaka 1981, na filamu ya 1991 ikalitumia. Mhusika mwingine, Uhura, aliitwa Nyota katika kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, na jina hilo likatamkwa sinemani mwaka 2009. Ubunifu wa namna hii ni mtaji, na katika mikataba ya aina hii mtaji huo hubaki kwa studio. Hapo ndipo penye dhuluma ya kimyakimya ya biashara hii.

Uingereza nako vitabu viliipa televisheni hadithi. BBC ilipositisha tamthilia ya Doctor Who mwaka 1989, kampuni ya Virgin ilichukua leseni na kuendeleza hadithi vitabuni kuanzia 1991. Riwaya ya Paul Cornell, Human Nature, ya mwaka 1995, iligeuzwa vipindi viwili vya televisheni mwaka 2007, na Cornell mwenyewe ndiye aliyeviandika. Wachache hupata bahati hiyo.

Wengi hupata la Coda. Kwa takriban miaka 20 waandishi wa Star Trek walikuwa wamejenga historia moja ndefu, kitabu kikiendeleza kingine. Tamthilia ya Picard ilipoanza 2020 ikaja na historia tofauti, na mwaka 2021 Dayton Ward, James Swallow na David Mack waliandika Coda, riwaya tatu za kuifunga ile ya vitabuni.

Mirabaha nayo ina vita vyake. Alan Dean Foster, aliyeandika vitabu vya Star Trek katika miaka ya 1970 na pia riwaya za Star Wars na Alien, alijitokeza hadharani Novemba 2020, akiungwa mkono na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na njozi cha Marekani, akidai kwamba Disney ilinunua haki za vitabu vyake vya Star Wars na Alien lakini haimlipi. Miaka mitatu baadaye Paramount iliiuza Simon & Schuster kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR, kwa dola bilioni 1.62. Mchapishaji na mwenye Star Trek sasa wana mabosi tofauti, na ada ya leseni inatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwelikweli.